Fungate ya Kaimu Mkuu wa Maji

Mkuu wa ofisi ya maji ya Ng'ambo alikwenda likizo mwaka ule wa hamsini na tano, na Msabah ndiye aliyemkaimu. Harusi ya Msabah ikaangukia humo humo. Watu walimshauri aahirishe. Angeahirisha vipi, na halua ishapikwa?

Kijana hodari, hakuna asemaye vingine. Kazi aliipanga yeye, mafundi aliwagawa yeye, kila mmoja na mtaa wake, na kukagua akakagua yeye. Ila alikuwa na kasoro moja kubwa: hata spana haikutoka stoo mpaka aseme ndiyo. Kabla ya kusafiri, mkuu alimwahidi kwamba akirudi akakuta maji yanatoka, kazi ya msaidizi wake itakuwa yake. Msabah aliposikia hayo akazidi kukaza kamba.

Na mkuu alikuwa arudi fungate haijaisha. Siku saba hizo bwana harusi hukaa ndani kwao bibi harusi. Akitoka, mji mzima husema kamkataa mke, na wakwe zake wa mtaa wa Malindi walikuwa watu wa kuchunga heshima. Basi fundi Jaku akawa anakuja chini ya dirisha. Mfereji wa Kikwajuni hautoi maji, tufanyeje? Msabah hutoa kichwa, huamrisha, na wali nyuma yake unapoa. Mkewe, Thuwaiba, alikuwa akitazama tu. Somo wake aliyemfunda, Bi Mwanakhamis, alisema hajapata kuona fungate ya watu watatu.

Siku ya nne bomba kubwa likapasuka Darajani, maji yakaingia mpaka kwenye vikapu vya samaki. Jaku akaja mbio. Msabah alikuwa kalala, maana kuongoza ofisi kwa dirisha si mchezo. Thuwaiba akasogea nyuma ya dirisha bila ya kujitokeza.

"Bwana Msabah kasema hilo ni lenu," alimjibu kwa upole. "Amueni wenyewe, mfanye."

Jaku akasita, akauliza kama kweli kasema hivyo. Akaambiwa ndivyo, na litakalokuja baadaye pia ni lao.

Tangu hapo kimya. Msabah alipoona haitwi, chakula kikamshinda. Aliiona kazi yake ikimponyoka. Siku ya sita akavaa kanzu na kofia, akasema anatoka, wakwe wamfikirie watakavyo. Thuwaiba hakumzuia. Alimwomba tu atazame nje kwanza.

Jaku alikuwa akipita na toroli. Msabah akamwita.

"Naam, Bwana."

"Vipi kazi?"

"Njema. Bomba la Darajani tushalitengeneza, na kila fundi anaamua mtaani kwake, kama ulivyoamrisha. Mkuu karudi jana, kakagua kila pahala. Kasema kazi ya msaidizi ni yako, na tusikusumbue fungateni."

Msabah akageuka polepole.

"Nimeamrisha lini?"

"Nlisema mimi," Thuwaiba alikiri, midomo ikimcheza. "Umekasirika?"

Alijaribu kukasirika, wallahi alijaribu. Ofisi nzima imekwenda bila ya yeye, tena imekwenda vizuri zaidi, na hilo lilimuuma. Kisha kicheko kikampanda, wakacheka wote wawili hata Bi Mwanakhamis akagonga mlango kuuliza kuna nini. Msabah akavua kofia, akalifunga dirisha, akaketi karibu na mkewe. Akamuuliza, kwa mara ya kwanza tangu waoane, yeye anapenda nini.