Kisima cha Munguti

Hii ni kweli tupu, na anayebisha afunge safari mpaka Mashuuru akaonje maji mwenyewe. Ndivyo Mzee Munguti alivyoanza kila Jumamosi, kidole juu, tangu astaafu kazi ya kiwanda cha saruji na kuanza kuchezesha watu mchezo wake kwenye kibanda cha chai cha Caro, Kitengela.

Mchezo haukuwa na ubao wala karata. Munguti alisimulia nchi ya ukame, wachezaji wakawa wafugaji ndani yake, na penye hatari aliwauliza, "Unafanya nini?" Mtu alisema analofanya, akarusha dadu, dadu ikaamua. Aliutunga mwenyewe bila kufundishwa na mtu, ramani akaichora nyuma ya katoni ya mafuta ya kupikia.

Chochote kwenye nchi hiyo kiliweza kufa, isipokuwa shamba moja lenye kisima. Hilo lilikuwa lake, na si la mchezo, aliapa, ni la kweli, huko Mashuuru. Kisima alikichimba kwa mikono hii. Maji baridi hadi ng'ombe wakinywa wanapiga chafya, na papai moja liliwahi kuanguka likazuia punda njiani mchana kutwa. Mara kwa mara mchezoni tajiri wa Nairobi alikuja na mnyororo kulifunga shamba hilo. Dadu ya tajiri aliirusha Munguti mwenyewe, akiificha nyuma ya katoni, na haikuwahi kumtokea tajiri vizuri.

Sheria ya meza ilikuwa moja. Mchezoni danganya utakavyo, lakini ukitoka na uongo nje, unapoteza kila kitu na kuanza upya, mchungaji asiye na hata mbuzi. Aliitunga yeye, siku Kuntai, mmoja wa wachezaji, alipodai kwamba nje ya mchezo ameua simba kwa kandambili. Kuntai alilipa. Alichunga ng'ombe wa Nyawira, yule mwenye saluni, akitumwa mpaka kuokota kuni, hadi alipopata wake.

Sasa Kuntai kwao ni Mashuuru. Akaenda harusi huko, picha ya ile ramani kwenye simu, na Jumamosi iliyofuata akarudi.

"Supa, mzee," akasalimu kwa Kimaasai, akaketi. Akaeleza kwamba ramani haina kosa. Kilima kipo, korongo lipo, migunga ipo. Kisima pia. Maji ameyaonja, ni baridi kweli.

Munguti akawageukia wote, mikono wazi, kama kusema si niliwaambia.

"Lakini iko na ukuta, mzee. Na geti. Mlinzi anasema mwenyewe ako Nairobi."

"Huyo mlinzi ni mgeni."

"Ako hapo tangu ukuta ijengwe. Ameniambia kuna mzee Mkamba hukuja. Hagongi. Anasimama kwa geti, anaangalia, anaenda."

Caro akaacha kumimina chai. Mkamba hapo mezani alikuwa mmoja.

Munguti alianza tena hadithi ya papai, akaiacha hewani. Halafu ukweli ukatoka polepole, bila kidole juu. Shamba alilinunua kwa kiinua mgongo chake chote. Akachimba kisima, akafika maji, akalia. Ndipo ikajulikana muuzaji aliliuza mara mbili, na karatasi za yule mnunuzi mwingine zilitangulia zake. Mengine yote aliyosimulia yalikuwa ya kweli. Ila shamba halikuwa lake.

Nyawira akasema yaishe, huu ni mchezo tu.

"Mimi nililipa ya simba," Kuntai akasema.

Munguti mwenyewe ndiye aliyesimama. Akampa Nyawira kiti cha msimulizi, katoni na dadu ya tajiri, akahamia benchi kando ya Kuntai, mchungaji asiye na mbuzi.

Nyawira akaitazama ramani, halafu akamtazama yeye. "Umefika Mashuuru. Geti imefungwa. Ndani iko na kisima. Unafanya nini?"

Kuvunja, kuruka ukuta, kumhonga mlinzi, kuwasha moto wa kumtoa nje: zote hizo aliwafundisha yeye.

"Nasimama," akasema.

"Halafu?"

"Naangalia."

Kuntai akamsukumia dadu. "Rusha, mzee. Hiyo kuangalia umeangalia ya kutosha."

Akarusha. Ikatoa moja. Nyawira akaikodolea macho kama anaiomba igeuke, kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba geti halijafunguka. Huko mchezoni jua likazama, fisi wakaanza kulia, na ng'ombe wa Kuntai wakahitaji moto.

"Kuni, mzee," Kuntai akasema.

Munguti hakuuliza zilipo. Nchi ile aliichora yeye.