Mvumo wa Shemasi Crume

"Dada Verlene, mtu akisikia wimbo wa kidunia bila kuutaka, labda dirisha la jirani liko wazi, hiyo nayo ni dhambi?"

Idella Crume aliniuliza hivyo tukiwa tumekaa kwenye ngazi za nyuma, anamenya mapichi. Nikajua papo hapo kwamba dirisha la jirani halikuwa na hatia yoyote. Nikamwambia Bwana hatamhukumu mtu kwa sababu ya sikio. Akamenya pichi lingine, akasema bila kuniangalia, "Basi nenda ukanisikilizie. Wewe huongezi chumvi."

Mwaka huo Upande wa Kusini wote wa Chicago ulikuwa unaizungumzia albamu ya mwanawe, Lavelle. Alikuwa ametengeneza muziki wa filamu, filamu ya muuza unga, na nyimbo zake zilikuwa zinatoka kwenye kila gari lililosimama taa nyekundu. Mimi nilimjua Lavelle akiwa kwenye kwaya ya watoto kanisani kwetu, mimi nasimama mlangoni kupokea waumini na glovu zangu nyeupe, yeye anaimba mpaka akina mama wanadondosha pochi. Alipoingia kwenye nyimbo za mapenzi baba yake, Shemasi Crume, akamfungia mlango. Shemasi akafa hawajapatana. Lavelle akaja mazishini akaomba kuimba, na Idella mwenyewe ndiye aliyemwambia hapana, baba yako alikataza.

Sasa Lavelle alikuwa amepiga simu: Jumapili baada ya ibada anakuja nyumbani. Na watu walikuwa wameanza kunong'ona kwamba mwisho wa albamu ile kuna mvumo.

Wazee wetu wengi walitoka Mississippi, na shemasi aliyetoka kule alikuja na mvumo wake. Kabla ya maombi alipiga magoti kwenye kiti chake, akafumba mdomo, akavumisha, hakuna maneno, sauti tu inayotoka chini ya mbavu. Halafu anakata. Pale anapokata, watu wa nyumba yake ndio wanaojibu kwanza kwa kuvumisha nao, mke na watoto, kisha kanisa zima linaingia. Shemasi akifa, kiti kinafunikwa kitambaa cheusi na mvumo wake hauinuliwi na mtu mwingine. Idella alikuwa amemjibu mumewe tangu akiwa bibi harusi. Tangu alipomzika, hakuwahi kumjibu shemasi yeyote. Anakaa na midomo imebanwa.

"Kama ameitia sauti ya baba yake kwenye filamu ya wauza unga," aliniambia, "hatakaa kwenye meza yangu."

Jumamosi nikaenda saluni kwa Bernadine. Sina gramafoni, na kwa Bernadine santuri hailali.

"Ehe! Mama Verlene!" Yvette akapiga kelele, binti anayeosha vichwa. "Leo tunakuwekea afro?"

"Nimekuja kuoshwa nywele, siyo kuoshwa akili."

Wakacheka. Nikakaa. Wala sikuhitaji kuuliza kitu, maana walikuwa wameshashikana kwa ubishi juu ya albamu ile.

"Upande wa kwanza ndio albamu," Bernadine alikuwa anasema, kitana cha moto kinatoa moshi mkononi. "Upande wa pili ni muziki wa magari kukimbizana. Mimi nimelipia mtu aimbe, siyo aendeshe."

"Hujaiona filamu, ndiyo maana," akasema Yvette. "Lazima uione filamu."

"Nikatoe hela nitazame malaya na wauza unga? Hao nikiwataka, nafungua pazia."

"Mimi namtaka Lavelle wa zamani," akasema mama mmoja aliyekuwa chini ya draya, anapaza sauti kwa sababu kelele za mashine zimemziba masikio. "Alikuwa anakuimbia mpaka unajiona umependwa! Siku hizi ni violini, violini, kama harusi ya Wazungu!"

"Violini arobaini, na anayezipa amri ni mtoto wa mtaa huu," Yvette akajibu. "Mweusi kama mimi. Hebu niache nijivune kidogo."

"Jivune, lakini suuza hicho kichwa."

Kichwa chenyewe kilikuwa cha Mozelle Pickens. Mwanawe, Rodell, alikutwa amekufa kwa unga kwenye choo cha kituo cha mabasi, na siku ya kumzika mchungaji aliomba haraka haraka, akahubiri juu ya mshahara wa dhambi, jina la mtoto hakulitaja. Nilikuwepo, nimesimama mlangoni. Tangu siku hiyo Mozelle anakaa benchi la nyuma kabisa.

Bernadine akageuza santuri. Zikapita zile za magari kukimbizana. Ukaja wimbo wa mwisho.

"Hapa jamaa ameshapigwa risasi," Yvette akaeleza. "Yuko chini kwenye theluji, na hakuna anayekuja."

Nikaisikia. Ilikuwa sauti ya Lavelle, lakini mvumo ulikuwa wa Shemasi Crume, wenyewe kabisa, na pale unapozama na pale unapopanda kidogo kama mtu aliyejikwaa. Nilishika mkono wa kiti. Akafika pale pa kukata, akakata, na zikaingia violini.

Ila siyo violini peke yake. Mozelle alikuwa ameinua kichwa kwenye sinki, povu linamshuka shingoni, naye anajibu. Alijibu wa kwanza, kama mtu wa nyumba ya marehemu. Yule mama akatoka chini ya draya, akajibu. Bernadine akaweka kitana chini, akajibu. Hakuna aliyemwambia mwenzake kitu. Wimbo ulipokwisha Mozelle akasema, "Wangu ndiyo kwanza ameombewa leo," akarudisha kichwa, na Yvette akaendelea kumsuuza huku analia.

Nikaenda moja kwa moja kwa Idella. Alikuwa jikoni anakata mboga za majani.

"Ni wenyewe?"

"Ni wenyewe."

"Na nani anajibu?"

"Kwenye santuri, violini." Ningeweza kuishia hapo. Lakini alinituma kwa sababu siongezi, na kupunguza nako ni uongo. "Saluni amejibu Mozelle Pickens, na wenzake."

Kisu kikasimama. "Mozelle amejibu mvumo wa mume wangu? Kichwa kimejaa sabuni?"

"Alikuwa anamlilia mwanawe, Idella."

"Najua alikuwa anamlilia nani." Akaanza kukata tena, haraka mno. "Nimekaa na mdomo nimeufunga muda wote huu, namtunzia. Kumbe upo madukani, kila mwenye kichwa kichafu anajibu."

Nikamsihi asimhukumu mtoto kwa masikio yangu. Amfungulie, aisikie mwenyewe, ndipo aseme. Alikataa, mwisho akasema haya, lakini na mimi niwepo.

Jumapili Lavelle akaja, koti refu la kahawia, kofia mkononi kabla hajafika mlangoni. Ndevu zake zilikuwa zimeanza mvi. Idella akampa shavu abusu. Akamkaribisha kwenye meza, na nikaona amemwekea sahani za maua, zile anazomtolea mchungaji. Lavelle naye aliziona. Alikula mkate wa mahindi na mboga, akasifu kila kitu, na mama yake akajibu "asante" kama anamjibu mgeni.

"Watu wanasemaje huku mtaani, Mama Verlene?" akaniuliza.

"Bernadine anasema upande wa pili ni wa magari."

Akacheka, kicheko cha kweli, na kwa dakika ile alikuwa yule mtoto wa kwaya. Kisha akamgeukia mama yake. "Magazeti yamesema yao, redio zinapiga. Sikuwafanyia hao. Nataka kusikia wewe unasemaje."

"Sijaisikia."

Santuri alikuwa nayo. Akaiweka kwenye gramafoni ya baba yake, ambayo ilikuwa haijapiga kitu ila mahubiri, akaweka sindano kwenye wimbo wa mwisho. Idella alisikiliza amekaa wima, mikono kwenye aproni. Sikuona kitu usoni. Wimbo ulikwisha, sindano ikawa inakwaruza, Lavelle hakuiondoa.

"Violini zinapendeza," akasema Idella.

"Mama."

"Nimesema zinapendeza. Lakini hazijafiwa."

Lavelle akakubali kwa kichwa, polepole. "Studioni niliacha pale patupu. Wakasema watu watadhani santuri imeharibika. Nikawaambia pale panajibiwa. Wakaniuliza, na nani?" Akaisogeza sahani. "Wa kujibu sikuwa naye, nikaziweka violini. Mama, jenezani ulinikatalia. Nilikuwa na baba yangu kifuani na sina pa kumweka."

Halafu, palepale alipokaa, mbele ya sahani zile, akafumba macho akauvumisha mwenyewe. Bila okestra sauti ilikuwa imechoka, na ndiyo ikawa ya Shemasi zaidi. Vikombe viliitika kwenye kabati. Akashuka, akapanda pale pa kujikwaa, akafika pa kukata. Akakata.

Akafumbua macho, akamtazama mama yake.

Jibu lilikuwa limenifika mdomoni. Lakini nyumba haikuwa yangu, na mgeni hatangulii. Nilimwona Idella midomo ikifunguka, nikaona kifua chake kikipanda kuchukua pumzi, nikasema moyoni, Bwana, msukume. Akaitazama ile santuri inavyozunguka.

"Waliokwisha kukujibu huko madukani," akasema, "wanatosha."

Lavelle akasimama, akakunja kitambaa alichokuwa amejifutia mdomo, akakiweka kando ya sahani. Akachukua kofia yake kitini, akafungua mlango wa jikoni, akashuka ngazi.