Kiazi Kilichojiotea

Kile kiazi hakikupandwa na mtu. Kilijiotea chenyewe katikati ya nyanya, mahali ambapo msimu uliopita kaka yangu alikuwa amelima viazi. Alivichimba akiwa mgonjwa tayari, akipumzika kila baada ya mashina mawili matatu, na kimoja kikamponyoka kikabaki ardhini. Kabla mvua hazijarudi tulikuwa tumeshamzika. Ziliporudi, kiazi kikatoa kichwa.

Ningekuwa peke yangu ningeking'oa siku hiyohiyo. Kila anayelima anajua kwamba viazi na nyanya ni ndugu na wanaambukizana. Ugonjwa wa ukungu hujificha ndani ya kiazi kilichosahaulika, kinapochipua nao unapanda nacho juu. Lakini wifi yangu, mjane wa kaka, alikuwa ameshachuchumaa mbele yake anakipalilia kwa vidole.

"Hiki ni chake," akasema. "Alikishika mwenyewe."

Nikakiacha bila kubisha. Wanaonijua watashangaa, maana kaka aliniita Pilipili tangu nina meno ya utoto, na wala hakunionea. Lakini ningemwambia nini? Tumebaki wawili katika nyumba ile, mimi na yeye, pamoja na chumba kilichojaa redio za watu ambazo marehemu hakuwahi kumaliza kuzitengeneza. Kila mmoja wetu alikuwa na kitu alichong'ang'ania. Mimi nilikuwa navaa koti lake la kazi, lenye vitundu vya moto wa kulehemu mikononi, na nilikuwa sijalifua.

Hizo nyanya nazo zilikuwa zake. Kila mwaka alichagua tunda bora, akalikamua mbegu, akazikausha kwenye sahani pale dirishani, msimu ukifika akazisia tena. Hazikuwa nzuri kwa macho. Zilikuwa na makunyanzi mabegani, na alipenda kusema kwamba zimefanana na mimi. Ladha yake sijawahi kuipata sokoni. Baada ya msiba tulizisia mbegu zote alizoacha, hatukubakiza hata punje, kwa sababu hakuna kati yetu aliyekuwa na akili ya kuwaza mbele. Nyanya zile zikifa, basi, zimekwisha.

Mvua ikaja ya manyunyu, ile isiyokatika. Majani hayakukauka asubuhi wala jioni. Fundi cherehani, jirani yetu wa upande wa pili wa ua, alitoa kichwa akatuuliza kama tunakagua bustani. Yeye ukungu ulimmalizia nyanya zote msimu uliopita, kwa hiyo hilo ndilo lililokuwa salamu yake.

"Tunakagua kila siku," wifi akamjibu, haraka mno.

Kweli nilikuwa nakagua. Kila nilipokitazama kile kiazi nilikikuta safi, hakina hata doa, ila kilizidi kupungua majani. Nikawalaumu konokono. Nikawatukana sana, masikini, wala hawakuwa na kosa.

Asubuhi moja nilipeleka maganda kwenye shimo la mboji. Nilipofukua nyasi ili niyafunike, nikakuta majani ya kiazi yamefichwa chini, lundo zima. Yalikuwa na mabaka meusi kana kwamba yamemwagiwa maji ya moto, na kwa nyuma yana unga mweupe. Ya juu yalikuwa ya leo. Ya chini yalikuwa yameshaoza.

Nikaenda mbio kwenye nyanya. Wifi alikuwa huko anafunga shina kwenye kijiti kwa kitambaa, taratibu, kama anayemfunga mtoto kidonda.

"Wifi, nionyeshe mikono yako."

Akainyoosha. Vidole vilikuwa vya kijani kilichoingia weusi. Kwa mikono hiyohiyo alikuwa anachuma majani mabovu kabla sijaamka, na kwa mikono hiyohiyo anahamia kwenye nyanya, anazifunga, anazikata machipukizi, anazipapasa. Niligeuza jani la chini la shina lililokuwa mbele yake. Doa lilikuwepo.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilidhani nikiyatoa mapema kitapona." Akafuta vidole kwenye aproni. "Ndivyo nilivyomuuguza yeye. Kila alfajiri nilibadilisha shuka kabla hujaamka, usije ukaona damu. Alinikataza nisikuambie."

Miezi ile yote nilikuwa nikimpelekea uji chumbani, namtania kwamba anadeka. Nilikuwa na maneno ya kumkata maini yule mwanamke, yapo tayari mdomoni, na nilitaka yamuume. Nikamtazama ile mikono aliyoinyoosha mbele yangu, hajui aiweke wapi.

"Yeye tusingemponya," nikasema, "hata ningeziona hizo shuka. Lakini hizi nyanya bado ziko hai. Usizifiche na zenyewe."

Nikamwita fundi cherehani. Akaja na kisu chake na gunia.

"Msikichimbe sasa," akasema. "Kateni shina chini kabisa, majani yote yaingie humu, yatoke hapa, hata yale ya kwenye mboji. Udongo ukae wiki mbili ndipo mchimbe. Vilivyo vizima mtavila, havina neno. Ila msipande hata kimoja. Mkipanda, mwakani mtanikuta nalia hapo uani." Kisha akanitazama mimi. "Na hilo koti, dada. Linasugua majani kila unapopita. Lifue."

Wifi alikata shina mwenyewe. Mimi nilishika mdomo wa gunia. Kisha tukang'oa nyanya zote zilizokuwa karibu, zenye matunda mabichi yanayoning'inia, na zilizobaki tukazipunguza majani ya chini, tukazitandikia nailoni juu zisinyeshewe, tukawa tunanawa kwa sabuni kila tukihama shina. Jioni nikalifua koti. Povu lilitoka la kijivu, na nilipolianika lilinuka sabuni tu. Nililia pale kwenye kamba bila kujificha.

Mvua ilipokatika, mashina machache yalikuwa yamesimama. Yakaiva matunda yenye makunyanzi mabegani. Tulikamua mbegu za mazuri kuliko yote tukazianika kwenye sahani ileile, dirishani.

Ndipo tukachimba viazi vya lile shina. Vingine vilikuwa vimeoza, unavishika vinageuka uji. Vilivyo vizima wifi alivipangusa kimoja kimoja, nikavipeleka jikoni. Nilipoviosha niliona hakipo kimoja alichokipangusa, kidogo cha mviringo, kilichokuwa kimeshaanza kutoa jicho. Nikamtupia jicho wifi. Mfuko wa aproni yake ulikuwa umevimba.

Nilibandika sufuria, nikakaa, nikaukaza mdomo wangu ambao si wa kukazika.

Maji yalianza kuchemka. Wifi alisimama mbele ya sufuria muda mrefu, mkono mfukoni. Kisha akakitoa, akakisugua udongo kwa kidole gumba, akakitumbukiza pamoja na vingine.

Tulikula bila chumvi, kwa sababu tulisahau wote wawili kuitia, na hakuna aliyeinuka kuifuata. Kile kidogo kilibaki mwisho kwenye sahani. Nikamsogezea, kilikuwa chake.

Wifi akakikata katikati, akanirudishia nusu.