Redio ya Chumbani kwa Mzee

Kila siku baada ya chakula cha mchana Mzee Oluka alinawa mikono, akaingia chumbani mwake, akafungua dirisha na kuwasha redio. Habari za saa saba zilitoka dirishani zikafika hadi jikoni, na aliyekuwa akisugua sufuria aliacha. Siku hizo hakuna aliyejua kama mpaka wa Malaba ungekuwa wazi kesho yake, na dada zake mzee walikuwa wameolewa ng'ambo ya mpaka, Tororo.

Siku hiyo dirisha lilifunguliwa, swichi ikalia ta, kisha kimya. Ta, tena. Kimya.

"Mama Omagor," mzee alimwita mkewe. "Redio imekufa."

Anyait, mke wa mwana wao Omagor, alikuwa akisuuza sahani nje ya jiko. Alijua redio ilikuwa na nini, kwa sababu ni yeye aliyeiua.

Jana wakwe zake walikwenda kumwona mgonjwa Kocholia. Ilikuwa Jumatano, na Omagor, kabla ya kurudi kazini Mombasa, alikuwa amemwambia asikilize kipindi cha salamu siku ya Jumatano, huenda akamtaja. Basi Anyait, mwalimu aliyefundishwa chuoni, mkaza mwana ambaye hata kivuli chake hakikupaswa kuvuka mlango ule, aliingia chumba cha kulala cha baba mkwe wake. Majina yaliposomwa, sauti ilianza kufifia. Akafungua mgongo wa redio, akatoa mawe ya betri, akayafuta kwa pindo la gauni. Alipokuwa akiyarudisha alisikia kengele ya baiskeli njiani. Akayasukumiza ndani vivyo hivyo, akakimbia.

"Si tuna mwalimu hapa," mzee alisema. "Alisomea sayansi. Atuambie redio inaumwa wapi."

"Aingie chumbani kwako?" aliuliza Petronilla, mkewe.

"Nani amesema aingie? Asimame nje ya dirisha akupe maneno, na wewe unipe mimi."

Anyait akasimama chini ya dirisha, mgongo ukutani, mama mkwe kando yake. Tangu aolewe hakuwahi kumwelekezea mzee neno bila kulipitisha kwa mama.

"Mama, mwambie baba aangalie waya wa eriali."

"Mzee, anasema uangalie waya."

"Nimesikia, mimi si kiziwi. Mwambie waya uko sawa."

"Anasema uko sawa."

"Nimesikia, mama. Labda sauti imeteremshwa."

"Nimeipandisha mpaka mwisho," mzee alijibu kabla mkewe hajafungua mdomo. "Hata kukoroma haikoromi."

Petronilla alicheka. "Basi wewe unaishinda."

Anyait hakucheka. Alijua alikuwa akizunguka tu. Mwishowe alisema, kwa sauti ya chini, "Mama, mwambie baba aangalie mawe. Vichwa vyake vinaelekea wapi."

Kifuniko kilifunguliwa. Mawe yakagongana. "Ah," mzee alisema. "Moja limelala kichwa chini."

Swichi ikalia, na sauti ya msomaji wa habari ikajaa uani kote, ikiwa katikati ya sentensi. Mzee akacheka kwa furaha. "Huyu mtoto ameona kupitia ukuta! Omagor alituolea mwanamke wa maana." Kisha sauti yake ikabadilika. "Lakini wewe, Mama Omagor. Kila ukiyaanika mawe juani nakwambia uangalie vichwa. Miaka yote hii, bado hujui kichwa na mkia?"

Wiki hiyo yote ilikuwa ya mvua, Petronilla hakuanika kitu. Aliutazama uso wa Anyait kwa muda, kisha akaangalia pembeni, kama mtu aliyefungua mlango na kumkuta mwenzake anavaa.

"Nimekosa, mzee," alisema. "Macho yangu si kama zamani."

"Macho gani? Ni kutojali. Kama si mwalimu tungekaa gizani."

Aibu ilimpanda Anyait toka miguuni. Angeweza kuzivumilia zile sifa, pengine, zingepita. Lakini mama wa watu alikuwa amesimama pale akisemwa kwa kosa lisilo lake, akiukunja upindo wa leso yake na kuukunjua, bila kumtazama tena.

"Baba," Anyait alisema.

Petronilla alishtuka. Neno lilikuwa limempita, likaenda moja kwa moja dirishani.

"Si mama. Ni mimi niliyelirudisha vibaya. Jana niliingia humo."

Redio ilizimwa. Mzee alikohoa, akakohoa tena, na alipozungumza alirudi kwenye njia ya adabu, kana kwamba alitaka kumpa mahali pa kujificha.

"Mama Omagor, muulize alikuwa akitafuta nini chumbani kwangu."

Petronilla alimgeukia, lakini hakuuliza. Alimshika mkono tu, mkono uliokuwa bado na povu la sabuni.

Anyait aligeuka, akaliangalia dirisha. Alitaka kusema habari za mpaka. Alitaka kusema saa, muziki, chochote.

"Namtafuta Omagor, baba," alisema. "Alisema atanitaja. Nina hamu na mume wangu."