Shela ya Dhoruba ya Jua

Alhamisi saa nane mchana, pini zote za fundi cherehani zilisimama kwenye kijimto chake zikaelekea kaskazini. Fundi alichomoa moja, akaendelea kubana pindo. Redio ya betri ilikuwa imetangaza tangu Jumanne kwamba jua limelipuka, kwamba kishindo chake kingefika baada ya siku mbili, kitikise usumaku wa dunia na kuzitia nyaya ndefu umeme usiotoka kwenye mtambo wowote.

Nyaya ndefu mtaani zilikuwapo. Zilitundikwa miaka minane iliyopita, siku wakubwa walipokuja kupiga picha, zikaingizwa hadi majumbani, lakini hazikuwahi kuunganishwa na mtambo. Tangu hapo, kila asubuhi, fundi alichomeka cherehani yake ya umeme ukutani, akaiamkia, kisha akakaa kwenye ile ya miguu. Sasa goti lilikuwa limevimba, gauni la mpwa wake halina hata mikono, na harusi ni Jumamosi.

"Shangazi, nitavaa hata la kuazima," bibi harusi alisema.

"La kuazima, na mimi ni mzima? Hebu nipishe."

Cherehani ya umeme ikanguruma.

"Kawia ufike," fundi aliiambia, akahamia.

Alishona huku akiimba, goti amelinyoosha juu ya kigoda, na furaha imemjaa hadi kooni. Jua lilipotua, pazia la mwanga, jekundu kwa kijani, lilishuka kutoka angani likagusa bati. Shela ilikuwa bado. Fundi alivua futi shingoni, akalipima pazia, akakata mita nne.

"Halitachuja?" mpwa aliuliza.

"Lifue kwa maji baridi."

Ijumaa dhoruba ilikwisha, nyaya zikanyamaza. Shela haikuzimika. Jumamosi, kwa mara ya kwanza, harusi ya mtaa ule haikukatishwa na giza. Wazee walicheza mpaka wakavua viatu. Afisa wa shirika la umeme, mgeni wa upande wa bwana harusi, alisogea karibu na bibi harusi apate mwanga wa kuandikia.

"Unaandika nini, baba?" fundi aliuliza.

"Kwamba mtaa huu una umeme, mama. Nimeutoa kwenye orodha ya wanaosubiri."

Fundi alicheka hadi akashika goti, akamvuta afisa wakacheze.

Jumatatu asubuhi alichomeka cherehani ukutani, akaiamkia, akakaa kwenye ile ya miguu.