Kata Kutoka Mwisho

Mkasi alitaka kutuona kabla hajafa, na sisi wawili hatukwenda. Naanza na hilo kwa sababu ndivyo alivyotufundisha: la muhimu mbele, porojo nyuma.

Alikuwa mhariri wetu. Gazeti lilipofungwa, mimi mpiga picha nilirudi kwetu nikaanza kufuga kuku. Msanifu, aliyekuwa akipanga kurasa, alivuka mpaka akaenda kuchora vibandiko vya chupa za dawa ya kikohozi. Mkasi alibaki mjini, akapata kibarua cha kusahihisha vijitabu vya maelekezo ya majokofu. "Nimepanda cheo," alituambia. "Sasa nasomwa na watu ambao nyama yao imeshaoza."

Tulikuwa mbali mbali, lakini kila Ijumaa tulifunga ukurasa. Kila mmoja alimtumia Msanifu habari za kazi yake za wiki nzima, naye alizipanga kama gazeti kabisa, vichwa vya habari na picha, kisha alitutumia kwenye simu. *Kuku wagoma kutaga, mwenye nao akana kuwatukana. Msanifu asifiwa na bosi, mshahara wabaki palepale.* Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Hakuna aliyemtumia mwenzake habari pembeni; ulisubiri ukurasa. Na habari isipoenea kwenye nafasi yake, ilikatwa kutoka mwisho bila mwenyewe kuulizwa. Hiyo ilikuwa sheria ya Mkasi tangu ofisini. Ukinuna, alikuuliza, "Kama lilikuwa na maana, mbona uliliweka huko?"

Wiki hiyo mimi nilikuwa nimefungua duka la mayai. Nilimpigia Msanifu kelele, nataka picha kubwa, tena juu kabisa! Msanifu wa watu akanipa karibu ukurasa mzima. Mkasi akabanwa kwenye kona: *Mkasi alazwa. Figo zinamsumbua. Chakula cha wodini hakina chumvi, na muuguzi wa zamu anaandika vizuri kuliko waandishi wote aliowahi kuwaajiri.*

Nilicheka peke yangu dukani. Nikamwandikia, "Pole, mzee. Usije ukamsahihisha daktari." Akajibu, "Ukurasa mzuri. Umekatwa vizuri." Mkasi alikuwa bahili wa sifa, basi mimi nikavimba kichwa siku nzima.

Kabla ya ukurasa mwingine, mke wa Mkasi akapiga simu kusema mumewe ametutoka.

Msibani nilikaa naye kwenye mkeka, Msanifu kwenye kiti karibu yetu. Akanishika mkono. "Wifi, alikuwa anawasubiri. Mlango wa wodi ukifunguliwa tu, anainua kichwa. Akiona ni mfagiaji, anarudi kulala."

Damu ilinichemka. "Anatusubiri? Nani alituambia? Basi moja tu ningefika! Mbona hukunipigia?"

"Alinikataza. Alisema ameshawaandikia kwenye ukurasa wenu. Mna kazi zenu, tusiwasumbue mara mbili."

Nikamgeukia Msanifu. Alikuwa ameshatoa simu, anaitafuta ile habari kama Mkasi alivyoituma, kabla haijakatwa. Akanipa simu. Nikasoma: figo, chumvi, muuguzi. Nikaendelea na yale ambayo sikuwahi kuyaona: dirisha lisilofunga, jirani anayekoroma, viatu vya daktari vinavyolia. Chini kabisa Mkasi alikuwa ameandika: *Madaktari hawana la kufanya tena. Kama kuku na chupa vinaruhusu, ningependa kuwaona.*

"Sikufika huku chini, dada," Msanifu alisema. "Picha yako ilikuwa kubwa. Nilikata kutoka mwisho, kama siku zote. Sikusoma."

Haki ya Mungu nilitaka kumzaba kibao. Kisha nikaikumbuka ile picha, mimi nimekenua meno kando ya trei za mayai, na mkono nikaurudisha mapajani.

Hasira zikahamia kwa marehemu. Wewe mzee! Miaka yote unatufokea tuanze na kubwa, halafu lako mwenyewe unalificha chini ya viatu vya daktari, eti unaona haya! Aliyakataza maneno ya kuombaomba gazetini, na hata kitandani hakuweza kutuomba waziwazi. Halafu ukurasa ukamfikia, akatazama kona yake, akaona ile sentensi haipo. Aliamini tumeisoma, tukaona haina maana.

*Umekatwa vizuri.* Nililia kwa sauti mpaka wanawake wakanitoa nje.

Msanifu alinifuata uani. Tulisimama karibu na sufuria za watu wa msiba, hatutazamani.

"Kesho Ijumaa," alisema. "Tufunge ukurasa?"

"Tufunge. Wote wake."

Nilimrudishia simu, akajiandaa kuandika. "Habari inaanzaje?"

"Tungekuja."

Akaandika. Akasubiri, kidole juu ya kioo. "Halafu?"

"Kinachofuata chote kata."