Lugha ya Mashine

Mwaka 1978 Nyanda alitoka Ilomba hadi Iringa kutafuta kitabu cha kuifundisha kompyuta ya ofisini kwa binamu yake, Dar es Salaam, kupiga wimbo wa marehemu mama yake kabla hajausahau.

"Shikamoo mzee. Nataka cha lugha ya mashine," akamwambia Alawi, muuza vitabu.

"Marahaba. Mashine iko nyuma ya soko, mwanangu, ila leo wanasaga dona tu."

Nyanda akacheka, akaeleza. Alawi akafukua vitabu viwili, kila kimoja cha kompyuta tofauti.

"Ya binamu yako kabila gani?"

"Sikuuliza!"

"Basi andika noti za wimbo, do, re, mi. Mhehe anaziimba, Mnyakyusa anaziimba, kompyuta itashindwaje?"

Nyanda akanunua daftari. Basi la kurudi Ilomba lilipofika Nyololo, wimbo wote ulikuwa umeandikwa, na abiria wa pembeni alikuwa akiuimba.